Sauti ya Kuazima na Sauti ya Kuitikia: Uhakiki wa Albamu ya David Bowie, Young Americans (1975)

Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza albamu ya Young Americans, iliyotolewa na mwanamuziki Mwingereza David Bowie mnamo Machi 7, 1975. Huenda msomaji wa jarida la uhakiki wa fasihi akauliza ni kwa nini santuri ya nyimbo nane, iliyorekodiwa Marekani na kuimbwa kwa Kiingereza, ipewe kurasa ambazo aghalabu hutengewa riwaya, tamthilia na diwani. Jibu letu ni fupi. Mapokeo ya Kiswahili hayajapata kuutenga wimbo na shairi. Shaaban Robert mwenyewe aliviona viwili hivi kuwa ni jamaa wanaotofautiana kwa ukubwa tu. Aidha, suala linalozushwa na albamu hii ni la kifasihi kwa kila hali: ni nani anayesema katika matini, anasema kwa sauti ya nani, na kwa idhini ya nani?

(Wasomaji wa Nairobi wanaomfahamu Bowie aghalabu humfahamu kama mume wa mwanamitindo Iman, ambaye walioana mwaka 1992, na ambaye mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Sadfa ya mwaka huo inapendeza lakini haitusaidii kuisoma albamu, nasi tunaiacha hapo.)

Albamu hii huwekwa katika kundi la muziki uitwao souli yenye macho ya buluu, yaani souli inayoimbwa na Wazungu. Istilahi hiyo ilianza kuvuma Marekani katika miaka ya sitini, na inasemekana kwamba mtangazaji mweusi wa redio mjini Philadelphia, Georgie Woods, ndiye aliyeieneza alipokuwa akiwazungumzia Righteous Brothers. Ni istilahi yenye mzaha na yenye mpaka ndani yake: humkaribisha mgeni na papo hapo humkumbusha kwamba ni mgeni.

Mjadala kuhusu muziki wa aina hii umegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hushikilia kwamba Mzungu aimbaye souli anapora jasho la Wamarekani Weusi na kulipwa zaidi kuliko wao. Kundi la pili hujibu kwamba kuiga ni kuheshimu na kwamba muziki hauna rangi. Bowie alijitafutia njia ya tatu. Aliuita muziki wake huo souli ya plastiki, akimaanisha kwamba ni kitu cha kubuni, mabaki ya muziki wa watu wengine yaliyoungwa upya na Mwingereza mweupe. Msemo huo haukuwa wake. Ulihusishwa na wanamuziki weusi wa miaka ya sitini waliowabeza kwao Waingereza walioiga souli. Paul McCartney aliusikia, na ndio uliochipua jina la albamu ya Beatles, Rubber Soul, ya mwaka 1965. Yaani hata ungamo la Bowie kwamba ameazima lilikuwa la kuazima.

Hoja yetu ya kimsingi ni kwamba makundi hayo mawili, pamoja na Bowie mwenyewe, yanaangalia mahali pamoja tu: nafsi ya mwimbaji mkuu. Ana haki au hana? Ni mkweli au ni mnafiki? Maadamu swali ni hilo, mhakiki hana cha kufanya ila kumpima mtu mmoja moyo wake, kazi ambayo matini haimpi nyenzo za kuifanya. Sisi tunapendekeza kwamba kinachopaswa kusikilizwa ni kiitikio. Katika Young Americans wenye souli hawakuwa mbali wakiibiwa wasipojua. Walikuwa chumbani, mbele ya vipaza sauti, wakiimba. Yale waliyoyafanya mle, na yale yaliyofanyiwa sauti zao baadaye, ndiyo yanayotupa msingi wa kuitathmini kazi hii.

Mahali na watu

Kufikia katikati ya mwaka 1974 Bowie alikuwa na umri wa miaka 27 na alikuwa amepata jina kwa wahusika aliowabuni na kuwavaa jukwaani, hususan Ziggy Stardust. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Mtunzi huyu alikuwa amezoea kuimba kwa vinywa vya watu wasiokuwapo, na hapakuwa na wa kumshtaki kwa kuwa wahusika hao walikuwa mali yake. Alipohamia souli aliendelea na tabia ileile ya kuvaa, ila vazi la safari hii lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa hai.

Mnamo Agosti 1974, katikati ya ziara yake ya Marekani, aliingia katika studio ya Sigma Sound mjini Philadelphia, ambayo ilikuwa imeanzishwa na Joe Tarsia mwaka 1968. Hapo ndipo watunzi na watayarishaji Kenneth Gamble na Leon Huff walipokuwa wakiurekodi ule muziki ulioitwa sauti ya Philadelphia: fidla nyingi, tarumbeta zilizopangwa kwa ustadi, na mdundo laini usiochoka. Wapigaji wa studio hiyo, waliojulikana kama MFSB, walikuwa wamefika kileleni mwa chati za Marekani mwaka huohuo kwa wimbo wa "TSOP", wakishirikiana na Three Degrees. Wimbo huo ulikuwa pia kiashirio cha Soul Train, kipindi cha televisheni alichokianzisha Don Cornelius mjini Chicago mwaka 1970 kwa ajili ya vijana weusi. Msomaji alikumbuke jina la kipindi hicho, kwani tutalirudia.

Bowie alitaka kuwatumia MFSB, lakini aliyepatikana ni Larry Washington peke yake, mpigaji wa konga. Bendi iliyoundwa basi ilikuwa mseto. Carlos Alomar, mpigaji gitaa mzaliwa wa Puerto Rico, alikuwa amepigia wakubwa wa souli katika ukumbi wa Apollo mtaani Harlem. Willie Weeks alishika gitaa la besi. Andy Newmark, aliyetoka katika bendi ya Sly Stone, alishika ngoma. Mike Garson piano. David Sanborn saksafoni. Mtayarishaji alikuwa Tony Visconti. Alomar alikuja na mkewe, mwimbaji Robin Clark, na rafiki yao wa New York aliyeitwa Luther Vandross, kijana wa miaka 23 ambaye hakuwa na jina bado. Ava Cherry, mwimbaji kutoka Chicago, alikuwa ameshaanza kufanya kazi na Bowie. Watatu hawa, Vandross, Clark na Cherry, ndio waitikiaji tunaowazungumzia.

Inafaa kuitofautisha kazi hii na nyingine za kundi lake. Daryl Hall na John Oates walikuwa zao la Philadelphia yenyewe, na katika albamu yao ya Abandoned Luncheonette (1973) souli inasikika kama lafudhi ya nyumbani. Average White Band, Waskoti, waliipiga funki kwa umahiri uliowafikisha nafasi ya kwanza Marekani mapema mwaka 1975 kwa wimbo wa "Pick Up the Pieces". Hao wote wanaficha mshono. Bowie hana uwezo wa kuuficha, na wala hataki. Sauti yake katika albamu hii imekwaruza. Ilikuwa imechoshwa na ziara na kokeini. Mara nyingi hupanda juu kuliko inavyohimili na kupasuka hukohuko. Akisimama kando ya Vandross, msikilizaji hawezi kukosea ni nani mwenyeji na ni nani mpangaji.

Misingi ya kinadharia

Hatutakawia hapa. Kutoka kwa Bakhtin, katika kitabu chake juu ya Dostoyevsky (1929, kilichopanuliwa 1963), tunachukua wazo kwamba neno la mwingine linaweza kutumiwa kwa namna zaidi ya moja. Msemaji anaweza kulifuata linakoelekea, na huo ni mwigo. Anaweza kulipinda lielekee kinyume, na hiyo ni kejeli. Lakini ipo namna ya tatu ambapo neno la mwingine halikubali kushikwa. Husimama nje, humsukuma msemaji, na kumlazimisha apinde usemi wake mwenyewe. Wahakiki wetu wamezitumia sana namna mbili za kwanza. Hii ya tatu wameisahau, ilhali ndiyo inayofaa kwa nyimbo za kupokezana.

Kutoka kwa Eric Lott, katika Love and Theft (1993), tunachukua rai kwamba maigizo ya karne ya kumi na tisa, ambamo Wazungu walijipaka masizi na kuigiza watu weusi, yalichanganya mapenzi na wizi kiasi cha kutotenganika. Rai hiyo ina nguvu, lakini ina mpaka wake. Maigizo anayoyachanganua Lott yalitokana na jukwaa ambalo mweusi mwenyewe, kwa jumla, hakuwepo. Kutokuwepo kwake ndiko kulikomwezesha mwigizaji kumbuni apendavyo. Hali ya Philadelphia ni tofauti. Nadharia ya wizi inahitaji kusemwa upya pale mwenye mali anapokuwa mezani.

Kiitikio kinachouliza: "Young Americans"

Kazi ya kurekodi ilianza Agosti 11, 1974, siku mbili baada ya Richard Nixon kuondoka madarakani. Wimbo unaobeba jina la albamu umejaa hewa ya siku hizo. Usimulizi unaanza na kijana na msichana wanaooana kwa pupa, na kuwaonyesha wakigundua kwamba maisha yao yamekwisha kabla hayajaanza. Kisha kamera, tukiruhusiwa tamathali hiyo, inarudi nyuma na kuuonyesha umma mzima: mabasi, magari, vipodozi vya nywele, vyombo vya habari. Nafsineni anawauliza vijana kama bado wanamkumbuka rais wao Nixon. Katika majuma ambayo swali hilo liliimbwa kwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa dhahiri mno hata swali likawa kejeli. Leo, nusu karne baadaye, limekuwa swali la kweli.

Katika ubeti wa mwisho upo mshororo unaotuhusu moja kwa moja. Nafsineni anagawa urithi wa nchi: weusi amewapa heshima, na weupe amewapa treni ya souli. Ugawaji huu umepindwa kwa makusudi. Heshima ndilo neno ambalo Aretha Franklin alilifanya kuwa dai la souli mwaka 1967, na treni hiyo ndiyo Soul Train ya Cornelius. Mshororo unasema, kwa uso mkavu, kwamba mabadilishano yamefanyika: mweusi amebakiwa na neno, mweupe amepanda chombo. Anayeyasema haya ni Mzungu aliyepanda. Hapa hatuwezi kukubaliana na wale wanaodai kwamba albamu hii haijitambui.

Hata hivyo kujitambua si hoja yenye nguvu sana ya utetezi. Mtu anaweza kujua kwamba anakalia kiti cha mwingine na akaendelea kukaa. Kinachouokoa wimbo huu ni kwamba hauishii katika kujitambua kwa mwimbaji mkuu. Kiitikio chake kilitungwa na Vandross. Inasimuliwa, na Vandross mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasimulizi, kwamba alikuwa pembeni studioni akimwimbia Robin Clark maneno ambayo alihisi yangekaa vizuri chini ya wimbo. Bowie aliyasikia, akayapenda, akawapeleka mbele ya kipaza sauti. Sikiliza basi linalotokea. Mwimbaji mkuu anakimbia, maneno yake yanajazana kupita kipimo cha mshororo, mizani hazitoshi, pumzi inakatika. Waitikiaji hawana haraka hata kidogo. Wanaingia wanapotaka, wanakaa ndani ya mdundo, wanaitikia kwa utulivu wa watu waliofika kabla yake. Kuna mahali wanauchukua mshororo wa wimbo wa Beatles na kuupachika katikati ya hadithi ya Marekani, tendo ambalo maana yake haiwezi kupuuzwa: Wamarekani Weusi wanamdondolea Mwingereza Waingereza wenzake. Aliyekuja kuazima anakuta naye anaazimwa, tena kwa mzaha.

Karibu na mwisho muziki unanyamaza, na nafsineni, akiwa peke yake, anauliza kama hakuna wimbo hata mmoja uliobaki unaoweza kumfanya mtu avunjike na kulia. Hili ndilo swali la souli kwa jumla, yaani swali la kama sanaa bado inaweza kugusa. Linaulizwa na mtu asiye na uhakika kwamba sauti yake inatosha kulijibu. Wanaolijibu ni waitikiaji, kwa kurudi tu na kuendelea kuimba. Tunashawishika kusema kwamba hapa ndipo ile namna ya tatu ya Bakhtin inapotimia: neno la mwingine haliigwi wala halikejeliwi, linamzunguka msemaji na kumweka mahali pake.

Linalotutatiza ni kwamba jina la Vandross halimo katika haki za utunzi wa wimbo huu. Limo katika wimbo mwingine, nao tutaufikia.

Zoezi na ibada: "Right" na "Somebody Up There Likes Me"

Katika filamu ya BBC iitwayo Cracked Actor, iliyotengenezwa na Alan Yentob na kuonyeshwa Januari 1975, Bowie anaonekana akifanya mazoezi ya "Right" na waitikiaji wake. Filamu hii ni ushahidi wa thamani kubwa. Maneno ya wimbo ni machache mno, karibu si kitu yakiandikwa. Utungo wote umo katika mpangilio wa kupokezana: vipande vya silabi vinavyokatwa, kurushwa, kudakwa na kurudishwa kwa kasi, kiasi kwamba mpaka kati ya anayeongoza na anayeitikia unafutika. Bowie anawapa ramani, nao wanaitekeleza kwa urahisi unaomzidi yeye aliyeichora. Kwa maoni yetu huu ndio wimbo bora wa albamu, ingawa hautajwi mara nyingi. Wahakiki wanaosoma karatasi ya maneno hawaoni cha kuchambua. Somo hapa ni la kale kwa yeyote aliyewahi kushughulikia fasihi simulizi: matini ya wimbo wa kupokezana haimo katika maneno.

"Somebody Up There Likes Me", unaofungua upande wa pili, unakitumia kiitikio kwa nia iliyo kinyume. Wimbo unamhusu kiongozi wa zama za picha: anatabasamu, anapendwa, anaonekana karibu mtakatifu, na hakuna ajuaye anachokiamini. Bowie aliufinyanga kutokana na utungo wake wa awali aliowatungia Astronettes, kundi la Ava Cherry, na jina lake amelichukua kutoka filamu ya mwaka 1956 kuhusu bondia Rocky Graziano. Waitikiaji wanaimba kwa mtindo wa kanisa. Sauti zao ni za sifa, zinapanda na kutanda kama katika ibada ya Jumapili, lakini anayesifiwa ni sanamu ya televisheni. Zaidi ya dakika sita tunasikia jinsi utamu wa kuitikia pamoja unavyoweza kumtumikia yeyote anayesimama mbele.

Huu ni wimbo wenye akili na wenye hatari. Kwa upande mmoja unatoa onyo la kisiasa ambalo halijachakaa. Kwa upande mwingine, onyo hilo linagharimiwa na kwaya. Katika "Young Americans" waitikiaji wanajua zaidi ya mwimbaji mkuu. Hapa wamefanywa umati unaodanganyika, ilhali kejeli yote imebaki mikononi mwa mmoja. Mapokeo ya kanisa la Wamarekani Weusi, ambamo kuitikia kulikuwa njia ya kupata nguvu chini ya dhuluma, yamegeuzwa mfano wa ulaghai. Hatusemi kwamba mtunzi hana ruhusa ya kufanya hivyo. Tunasema kwamba ndani ya albamu moja mwitiko umeshushwa cheo, na wanaoimba ni walewale.

Nyimbo mbili za mapenzi, "Win" na "Can You Hear Me", hazitatuchelewesha. Ya kwanza ina saksafoni ya Sanborn iliyo nzuri kuliko utungo unaoibeba. Ya pili ni wimbo mnyofu wa kumwita mpenzi, nao unafaulu kwa sababu hautaki makubwa.

Mhariri na waliohaririwa

Albamu tuliyo nayo si ile iliyokusudiwa mwanzoni. Mpangilio wa awali uliitwa The Gouster, neno la mtaani la vijana weusi wa Chicago lililotaja mtindo wao wa mavazi, ambalo Bowie alilipata kupitia kwa Cherry. Mpangilio huo ulitolewa rasmi mwaka 2016 ndani ya mkusanyiko uitwao Who Can I Be Now?, miezi michache baada ya kifo cha Bowie, Januari mwaka huo. Unatuwezesha kuona kilichokatwa. Nyimbo mbili za Philadelphia, "It's Gonna Be Me" na "Who Can I Be Now?", zilitolewa nje ya albamu, msikilizaji wa kawaida hakuzipata hadi toleo jipya la mwaka 1991. Ndizo nyimbo ambamo mwimbaji mkuu anajiweka uchi zaidi mbele ya kwaya. Ile ya pili, kama jina linavyodokeza, inauliza mtu aliyevua kila vazi anaweza kuwa nani tena. Ni vigumu kufikiri juu ya utungo ambao ungeifaa zaidi albamu hii.

Nafasi zao zilichukuliwa na kazi ya New York ya Januari 1975, iliyofanywa pamoja na John Lennon. Visconti alikuwa London wakati huo akishughulikia albamu aliyodhani imekwisha. Kuhusu "Across the Universe", wimbo wa Lennon wa enzi za Beatles, hukumu yetu ni kali: haukustahili kuwamo. Bowie anaupigia kelele wimbo ulioandikwa kwa kunong'ona. Na jambo moja linashangaza. Katika utungo wa asili kipo kiitikio cha maneno ya Kisanskriti, Bowie amekiondoa. Mtu aliyejenga albamu nzima juu ya viitikio vya wengine anafika kwenye wimbo wenye kiitikio cha ugenini, nacho anakikata.

"Fame" ni jambo jingine. Ulitokana na mpigo wa gitaa wa Alomar uliokuwa ukitumika jukwaani katika wimbo wa kale wa kudansi, nao ukasajiliwa kwa majina matatu, Bowie, Lennon na Alomar. Ulifika nafasi ya kwanza Marekani mnamo Septemba 1975, wa kwanza wa Bowie kufanya hivyo. Dhamira yake ni umaarufu na uchungu wake. Bowie alikuwa wakati huo akiachana na meneja wake, Tony Defries. Ni wimbo mkavu, wenye nafasi nyingi tupu, na hauna mahali popote penye fidla za Philadelphia. Waitikiaji wetu watatu hawamo. Kinachosikika badala yao, karibu na mwisho, ni neno lilelile moja likirudiwarudiwa na sauti ya Bowie iliyobadilishwa kwa utepe, ikianza juu kama ya mtoto na kushuka ngazi kwa ngazi hadi ikawa nzito isiyo ya binadamu. Mwimbaji anaita, na anayeitikia ni yeye mwenyewe kupitia mashine.

Kama albamu ingeishia kwa nyimbo za Philadelphia, tungekuwa na kazi ya kupokezana iliyokamilika. Ilivyo, tunasikia mwitiko ukianza ukiwa mshindani, ukifikia usawa katika "Right", ukitiishwa katika "Somebody Up There Likes Me", na hatimaye ukiondolewa. Mtiririko huu haukupangwa. Ulitokana na ratiba, na furaha ya kukutana na Lennon, na uamuzi wa mtu mwenye jina lake kwenye jalada. Hapo ndipo lilipo suala la mamlaka, ambalo wenye nadharia ya wizi huliweka pasipo pake. Studioni Vandross na wenzake hawakunyang'anywa kitu; walitoa, na walitoa kwa furaha. Ukosefu wa usawa ulianza baada ya wao kuondoka, pale mtu mmoja alipobaki na utepe na uwezo wa kuamua ni sauti ipi ibaki na ipi ikatwe. Uhakiki wa kuigana kwa tamaduni umetumia muda mwingi ukichunguza jukwaa. Meza ya kuhariria imepata muda mchache mno.

Mnamo Novemba 1975 Bowie alitokea Soul Train na kuuwasilisha "Fame", akiwa mmoja wa wasanii wachache weupe waliokuwa wamekaribishwa pale. Ule mshororo wa "Young Americans" ulikuwa umemtangulia kituoni. Na upepo haukuvuma upande mmoja tu. Karibu na kipindi hichohicho James Brown alitoa wimbo wa "Hot" uliojengwa juu ya mpigo unaofanana mno na ule wa "Fame". Alomar alikuwa amewahi kupiga katika bendi ya Brown. Nani basi amemwiga nani? Henry Louis Gates, katika The Signifying Monkey (1988), ameonyesha kwamba kurudia kwa tofauti ndiyo mbinu kuu ya mapokeo ya Wamarekani Weusi, na pengine Brown alikuwa akirudisha nyumbani kitu alichokitambua. Lakini Gates anahitaji tofauti, na katika "Hot" tofauti ni ndogo. Tunaliacha swali hili kwa wanamuziki.

"Fascination"

Tumeuweka wimbo huu mwisho kwa makusudi, ingawa katika santuri ni wa tatu. Asili yake ni "Funky Music (Is a Part of Me)", utungo wa Vandross uliokuwa ukiimbwa katika sehemu ya ufunguzi wa maonyesho ya Bowie mwaka 1974. Bowie aliupenda na akaomba kuurekodi, lakini kwa maneno mapya. Vandross alisimulia baadaye sababu aliyopewa: Bowie, akiwa mtu wa roki, aliona ni kujikweza kudai kwamba muziki huo ni sehemu yake. Wimbo ulisajiliwa kwa majina yao wawili.

Tukilinganisha matini hizi mbili tunaona kazi ya ufupi wa ajabu. Muziki ni uleule. Waitikiaji ni walewale, Vandross akiwamo. Kilichobadilika ni uhusiano wa nafsineni na kinachoimbwa. Katika utungo wa Vandross muziki umo ndani ya mwimbaji, kama damu. Hauhitaji kuelezwa ulikotoka. Katika utungo wa Bowie nafsineni ameshikwa na kitu kilicho nje yake. Kinamtokea usiku, kinamvuta, hajui ni nini, na hawezi kukiacha. Neno la umiliki limeondolewa na mahali pake pakawekwa neno la kutekwa. Hatujui mahali pengine katika souli yenye macho ya buluu ambapo mpaka kati ya mwenyeji na mgeni umechorwa kwa usahihi kama huu, tena kwa kubadilisha maneno machache tu juu ya mdundo uleule.

Mwaka 1976 kundi la Vandross, lililoitwa Luther, lilitoa albamu yake ya kwanza. "Funky Music (Is a Part of Me)" umo humo, na maneno yake ya kwanza, na mwimbaji mkuu ni yeye.